Mji Una Jina Lake, Yeye Hana Sauti

Kila asomaye nyaraka mbili za Mtume Paulo kwa Wathesalonike hulitamka jina la mwanamke, na wengi hawajui kwamba ni la mwanamke. Thessalonike alikuwa binti wa Philip wa Pili, mfalme wa Makedonia, na dada wa Alexander Mkuu kwa baba. Habari za kaka yake zimejaza maktaba. Zake hazijazi ukurasa. Kusahauliwa huko si bahati mbaya. Ni matokeo ya namna alivyotumiwa.

Tuanze na jina lenyewe. Maana yake ni “ushindi wa Thessalia”. Mtoto mchanga alitwikwa kumbukumbu ya vita vya baba yake kabla hajajua kusema.

Mwaka 316 KK Cassander aliuteka mji wa Pydna, alimokuwamo binti huyu pamoja na Olympias, mama yake Alexander. Olympias akauawa, Thessalonike akaozwa kwa mtekaji. Mwanahistoria Diodorus hafichi sababu: Cassander alitaka kujifungamanisha na ukoo wa kifalme. Miaka michache baadaye mtu huyohuyo aliamuru kuuawa kwa Roxana, mjane wa Alexander, pamoja na mwanawe. Baina ya mauaji hayo alijenga mji, akawahamishia humo wakazi wa miji midogo ipatayo 26, akaupa jina la mkewe.

Wapo watakaosema kuwa hiyo ni heshima kubwa: mke gani amepewa mji uliodumu zaidi ya miaka 2,300? Nawauliza: ni nani aliyefaidika na jina lile? Kila aliyelitamka alikumbushwa kuwa Cassander ni shemeji wa Alexander. Ule haukuwa mnara wa mke. Ulikuwa hati ya mume ya kudai kiti.

Cassander alifariki mwaka 297 KK, na mwanawe mkubwa, Philip, akamfuata upesi. Wawili waliobaki, Antipater na Alexander, wakagombea ufalme. Antipater, akimshuku mama kwa kumpendelea ndugu yake, akamuua. Justin, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba Thessalonike alimsihi mwanawe kwa maziwa aliyomnyonyesha. Hakusikilizwa. Mji wenye jina lake ulikuwa na umri wa miaka 20 hivi, na kuta zake hazikumkinga. Haukupita muda mrefu na wana wote wawili nao wakauawa, na kiti kilichomgharimu mama uhai kikaangukia kwa Demetrius.

Hata ngano haikumtendea haki. Wagiriki husimulia kuwa aligeuka nguva, na kila aonapo jahazi huwauliza mabaharia kama Mfalme Alexander yu hai. Amepewa bahari nzima na swali moja tu, nalo linamhusu kaka yake.

Ndiyo maana nawaasa wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma: msilewe kwa kibao. Mwanamke anapopewa jina la barabara, ukumbi au tuzo, ulizeni kwanza kama alipewa urithi, kura na usalama katika nyumba yake. Kumpa mwanamke jina ni rahisi, kwa kuwa hakumpunguzii mwenye nguvu chochote. Haki humpunguzia, na ndiyo sababu hucheleweshwa.