Maziwa Yaenda Mjini, Mtoto Abaki na Mkandaa

Ulimwengu ukiwashangilia wanariadha wetu, hudhani siri yao ni mwinuko wa nchi tu. Wengi wao walikuzwa kwa mursik na ugali, tena walikwenda shuleni kwa miguu. Leo ng'ombe angali yupo zizini, lakini mara nyingi maziwa huuzwa Eldoret, mji uliotawazwa kuwa jiji mwaka 2024, naye mtoto wa mkulima hunywa chai ya mkandaa. Mwenzake wa mjini hubebwa kwa bodaboda, na kipindi chake cha michezo hunyakuliwa na hisabati (wanyakuzi tunawajua). Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979, yalikoma zamani. Kwa kuwa chekechea ziko chini ya kaunti, naona Uasin Gishu ianzie hapo: iyanunue maziwa ya wakulima hao, iwanyweshe watoto wao.