Subira ya Mama Pweza



Pweza si mgeni majumbani mwetu. Tumemzoea wa nazi na wa kukaanga, lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kumtazama kama mama. Wiki hii twendeni mbali, hadi pwani za baridi za bahari ya Pasifiki.

Huko, kuanzia Japani hadi Alaska na kuteremka California, huishi pweza mkubwa kuliko wote. Ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu kwa kuwa ina shaba badala ya chuma. Jike hutaga mara moja tu maishani. Huingia pangoni, akaning'iniza juu makumi ya maelfu ya mayai, kila moja kama punje ya mchele. Kisha huyalinda kwa miezi sita au zaidi: huyapulizia maji safi, huyapangusa kwa minyiri yake, wala hatoki kutafuta chakula. Watoto wanapoanguliwa, nguvu zake zimekwisha; hufa.

Muda huo mrefu husababishwa na baridi, kwani huchelewesha ukuaji wa yai. Mwaka 2007, karibu na Monterey, California, wataalamu waliteremsha chombo chenye kamera hadi kina cha mita 1,400 hivi, penye nyuzi joto 3 tu. Wakamwona pweza wa aina nyingine akiatamia jabalini. Kila waliporudi walimtambua kwa makovu yake, palepale, ngozi imefifia na macho yameingia ukungu. Hawakumwona akila hata mara moja. Aliatamia miezi 53. Hajulikani mnyama aliyemzidi.

Pweza wa miamba yetu naye huatamia na kufa vivyo hivyo, ila maji yetu ya vuguvugu humpunguzia kazi ikawa ya wiki chache. Basi enyi mama zetu mnaokwenda mwambani wakati wa bamvua, mkimkuta amejiziba shimoni kwa vijiwe, na mayai yananing'inia nyuma yake, mwacheni. Tunajua kwamba siku ya dhiki ushauri huu ni mzito. Lakini nyama yake imekwisha kunyauka kwa njaa, na nyuma yake ipo riziki ya msimu ujao. Anayemchomoa hupata kitoweo cha siku moja, na kilicho haba.