Taa Ikizimwa, Gari Halijapona



Kila yanapokaribia majira ya kiangazi hapa Uingereza, vijana wetu huanza kuyatazama magari ya spoti kwa jicho la matamanio. Wazazi wengine hukemea, wengine hutoa mchango wao kimyakimya. Hatukusudii katika safu hii kumkataza mtu kupenda gari zuri. Tunalokusudia ni kuilinda fedha inayotoka, kwa sababu aghalabu ni fedha ya zamu za usiku na ya upatu wa mwaka mzima, nayo ikipotea hairudi upesi.

Katika siku hizi muuzaji na mnunuzi wote wana kifaa kidogo cha kusomea hitilafu za injini. Huuzwa kwa bei nafuu, huchomekwa kwenye tundu la pini 16 lililo chini ya dashibodi, na majibu huonekana kwenye simu. Nchini Marekani mfumo huu ulikuwa wa lazima kuanzia magari ya mwaka 1996. Huku Ulaya ulilazimishwa kwa magari mapya ya petroli kufikia mwaka 2001. Kwa hiyo magari mengi ya spoti yanayouzwa hapa kwa mkono wa pili yana lugha moja ya kueleza maradhi yao. Lugha hiyo yafaa tuijue, na yafaa zaidi tujue mipaka yake.

Msimbo wa hitilafu huwa na herufi moja na tarakimu nne. Herufi P humaanisha injini na giaboksi. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, msimbo huo una maana moja kwa watengenezaji wote; ikiwa 1, mara nyingi ni wa mtengenezaji mwenyewe, na maana yake itafutwe katika vitabu vyake. Tarakimu inayofuata hutaja sehemu: 1 na 2 ni hewa na mafuta, 3 ni uwashaji, 4 ni udhibiti wa moshi. Basi P0301 ni kusema kwamba silinda ya kwanza haiwaki sawasawa, au kama wasemavyo mafundi wa kwetu, injini inamisi.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Msimbo ni ushahidi, si hukumu. Sisi tuliopata kufundisha twaelewa jambo hili kwa wepesi: alama ya chini katika ripoti ya mwanafunzi yasema kwamba ameshindwa, lakini haisemi kama hakusoma, hakuona ubaoni, au alikuja shule na njaa. Msimbo P0171 husema kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Sababu yaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, ambao ni kitu kidogo. Yaweza pia kuwa sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu ya mafuta iliyochoka. Muuzaji akisema, "Hiyo ni sensa tu," hajaongopa lazima, ila hajathibitisha. Kama ni sensa tu, kwa nini hakuibadilisha kabla ya kulitangaza gari?

Tuchukue mfano wa gari moja ambalo vijana hulipenda kwa umbo lake na kwa bei yake ya chini, nalo ni Mazda RX-8, lililouzwa huku tangu mwaka 2003 hadi 2010. Injini yake haina pistoni; ina rota mbili zenye pembe tatu zinazozunguka, na koili nne za kuwasha plagi zake. Koili hizo huchoka. Zikichoka, injini humisi, na misimbo P0301 na P0302 hujitokeza. Petroli isiyoungua hupita hadi kwenye katalaiza, yaani kichujio cha moshi, ikaungulia humo na kukiyeyusha. Ndipo unapokuja msimbo P0420, usemao kwamba katalaiza haifanyi kazi ipasavyo. Katalaiza ikiziba, joto hurudi nyuma na kuumiza sili za rota, na kuijenga upya injini hiyo kwaweza kugharimu kuliko gari lenyewe. Mtu akiuona P0420 peke yake na kununua sensa ya oksijeni, ametibu kikohozi na kuyaacha mapafu. Tena, sili zilizochakaa zaweza zisiandike msimbo wowote. Dalili yake ni gari kukataa kuwaka upya likiwa moto, na uthibitisho wake ni kipimo cha kompresheni kwa mashine maalumu ya injini za rota.

Lakini jibu la hatari kuliko yote ni lile linalosema kwamba hakuna msimbo hata mmoja. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Kifaa kile kile kinachosoma misimbo huifuta kwa kubonyeza mara moja, na taa ya injini ikazimika asubuhi ile ile unayokuja kulitazama gari. Kilichofutwa ni maandishi. Ugonjwa uko pale pale.

Kwa bahati njema, gari lina njia ya kumsaliti aliyefuta. Kompyuta yake hujifanyia majaribio kadhaa, likiwamo la katalaiza na la sensa za oksijeni, na huandika lipi limekamilika. Misimbo ikifutwa, au betri ikitolewa, majaribio hayo hurudi kuwa hayajakamilika, na huhitaji safari za aina mbalimbali, mara nyingi za siku kadhaa, ili yakamilike tena. Basi usiulize tu kama kuna misimbo. Uliza pia kama majaribio yamekamilika. Kumbukumbu tupu yenye majaribio yasiyokamilika ni daftari lililochanwa kurasa. Huenda muuzaji alibadilisha betri kwa nia safi. Kama ndivyo, hatakataa uliendee gari tena baada ya wiki moja ya kuendeshwa.

Kwa ufupi, anayekwenda kukagua gari afuate utaratibu huu:

1. Atazame kwanza historia ya MOT katika tovuti ya serikali, kwa namba ya gari, ni bure. Tangu Mei 2018, taa ya injini inayowaka huliangusha gari la petroli lililoanza kutumika kuanzia Julai 2003. Lakini akumbuke kwamba mkaguzi hutazama taa. Hasomi kumbukumbu ya kompyuta.

2. Aombe injini isiwashwe kabla hajafika, ailikute baridi.

3. Afungue swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini inapoanza kuunguruma. Isipowaka kabisa, kuna aliyeiziba mdomo.

4. Asome misimbo iliyothibitishwa na ile inayosubiri, ambayo bado haijawasha taa. Ayasome majaribio, na aandike kila kitu kabla ya mtu yeyote kufuta.

5. Aliendeshe gari mpaka lipate moto, alizime, aliwashe tena, kisha asome upya. Taa ikipepesa njiani, injini inamisi kiasi cha kuharibu katalaiza, asiendelee.

Mwisho, tusisahau sheria. Ukinunua kwa mfanyabiashara wa magari, Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 yakupa siku 30 za kulirudisha gari lililokuwa na kasoro ya maana na kudai fedha zako. Ukinunua kwa mtu binafsi, ulinzi ni mdogo: gari liwe mali yake, na liwe kama alivyolieleza. Kwa hiyo mwandikie ujumbe kabla ya kulipa, umuulize kama taa ya injini imewahi kuwaka na kama misimbo imefutwa, na jibu lake ulihifadhi. Mwenye gari zima hujibu upesi. Asiyetaka kuandika naye amekwisha kujibu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila katika biashara ya magari, mfichaji huwa ameshauza, na anayeumbuka ni mnunuzi. Wazazi, mkiombwa mchango wa gari, toeni na saa moja ya kufuatana na kijana kwenda kulikagua. Macho manne huona zaidi ya mawili, hasa pale mawili yanapokuwa tayari yamependa.