Fedha ya Mteja Si Mtaji Wako

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayemtumia wakala wake wa Naif, Dubai, dola elfu mbili hana mlango wa kugonga mambo yakiharibika. Viza hana, wakili hana, na hasara yake ni ndogo mno kwa mahakama za Dubai lakini ni kubwa mno kwa nyumba yake. Alichonacho ni namba ya simu, picha za mabegi na viatu, na imani kwamba aliyeko ng'ambo ni mtu wa kweli. Imani hiyo ndiyo inayowalisha vijana wetu wengi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo wanaohangaika kutwa kati ya Barabara ya Naif, Sabkha na Uwanja wa Baniyas. Nawaandikia hao, na nawaandikia kwa mapenzi.

Kazi yao ni ya heshima. Wananunua kwa jumla, wanachanganya mizigo ya watu kadhaa katika kontena moja, wanaipeleka Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar. Wazee wetu waliifanya biashara hii kwa majahazi, kwa kaskazi na kusi, na mwenye mali alikaa bila habari mpaka msimu ugeuke. Hata hivyo mali kauli, yaani mali iliyotolewa kwa ahadi ya kulipwa baadaye, ilitembea pwani yote. Leo habari zinafika kwa dakika moja, na bado watu wanalia kwamba wametapeliwa. Kwa nini?

Jibu langu ni desturi moja tunayoiita kuzungusha. Mteja wa kwanza ametuma hela ya mapazia. Kabla mapazia hayajanunuliwa, hela ile inalipia mzigo wa mteja wa pili uliokwama, na hela ya wa tatu ndiyo inayokuja kununua mapazia ya wa kwanza. Soko likiwa shwari, hakuna anayejua. Mzungushaji mwenyewe anajiona mjanja, tena anajiona mwaminifu, maana mwishowe kila mtu amepata chake.

Lakini soko shwari halidumu, na Naif inalijua hilo kuliko mitaa mingi. Soko la Naif liliungua mwaka 2008, likajengwa upya. Mwaka 2020, wakati wa korona, Naif na jirani yake Al Ras zilibanwa kuliko sehemu nyingine za mji, na masharti hayakulegezwa mpaka mwishoni mwa Aprili. Mwishoni mwa 2023 mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalizilazimisha meli kuzunguka kusini mwa Afrika, na nauli za makontena zikapanda hata katika njia zisizopita huko. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, na miezi michache baadaye ikarudi karibu 130. Dirhamu haikutikisika, kwa kuwa imefungwa na dola kwa 3.6725. Mtikisiko wote ulimwangukia aliyelipa kwa shilingi.

Katika msukosuko wa namna hii, wakala ambaye hela ya mteja bado iko mkononi mwake anaweza kupiga simu na kusema: meli imechelewa, nauli imepanda, tuendelee au nikurudishie? Aliyekwisha kuizungusha hawezi kuuliza swali hilo, kwa sababu mteja akijibu "nirudishie", hakuna cha kurudisha. Basi anasema mzigo uko bandarini. Kesho anasema karatasi zina tatizo. Keshokutwa anazima simu. Mteja angeuvumilia ucheleweshaji. Biashara ya bahari haijawahi kuwa na saa. Kinachomvunja moyo ni kimya, na kimya kinaanza siku ile amana ilipogeuzwa mtaji.

Najua nitajibiwa: "Mzee, bila kuzungusha nitaishi vipi? Kodi ya kitanda inangoja, leseni inangoja, mtaji sina." Swali ni la haki, na silipuuzi. Lakini kijana huyohuyo ujira anao, ila huuficha ndani ya bei: duka limeuza kwa dirhamu 22, yeye anamwambia mteja 30. Mteja wa leo anaweza kuulizia bei kwa watu watatu kabla chai haijapoa. Akiigundua tofauti, hataona ujira, ataona wizi. Taja ujira wako waziwazi, uuchukue mwanzoni, uishi kwa huo. Wapo watakaokukimbia kwa sababu ya bei. Waache waende, hao ndio wa kwanza kukuchafua mzigo ukichelewa.

Kisha andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na bado kuna ndugu wanaoona karatasi ni matusi kwa undugu. Iandikwe idadi, bei ya duka pamoja na risiti, siku ya kufunga kontena, na nani atabeba hasara nauli ikipanda. Maandishi hayo yatalilinda jina lako, na jina sasa lina uzito zaidi, maana hata wauzaji wa jumla wa hapa Dubai wamebadilika. Zamani waliitegemea hundi, maana hundi isiyo na fedha ilimfikisha mtu jela. Tangu Januari 2022 kosa hilo kwa sehemu kubwa limeondolewa katika jinai. Sasa kabla ya kukukopesha wanauliza jina lako mtaani.

Na wewe uliyekwisha kuzama, ambaye hela za wateja watano zimo katika mizigo ya wengine, usipokee oda mpya hata moja mpaka uwe umelipa. Hiyo ndiyo dawa chungu, maana oda mpya ndiyo iliyokuwa ikikuokoa. Fungia wengine mizigo kwa ujira wa siku, uza ulichonacho, andika orodha ya unaowadai na wanaokudai. Halafu mpigie kwanza yule aliyesubiri kuliko wote, umwambie kiasi unachoweza kumlipa mwezi huu.