Deni Lililolala Ndani ya Mita

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa pamoja na umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba isiyo ya ghorofa, zikapandishwa hata 1,500 Julai 2023. Kodi yenyewe hatuipingi. Zahanati hazijengwi kwa maneno.

Lakini tumtazame mkulima wa Nyamwage, ikiwa mita yake imeandikiwa kodi hiyo. Hushuka bondeni Rufiji, akakaa dunguni miezi minne akiulinda mpunga na ndege na nguruwe. Nyumbani taa zimezimwa. Arudipo anataka umeme wa shilingi 5,000, kumbe anadaiwa 6,000 za miezi ambayo hakuwasha hata globu moja. Na LUKU, ndugu, maana yake ni kulipa kadiri utumiavyo!

Mpangaji ana taabu zaidi. Sheria humdai mwenye nyumba, bali mita humkata aliyemo. Mwaka ule ule wa 2021 waliambiwa wapatane wao kwa wao. Wapatane vipi, na mwenye nyumba yuko Dar es Salaam? Twataka deni lioneshwe kabla ya kukatwa, na stakabadhi ya mpangaji ihesabiwe katika kodi ya pango.