Mutoto ametoka masomo saa ngapi? Muzazi ajue

Bandugu bachimbaji, na ninyi bamama wa nyumbani,

Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni bure, na batoto wamejaa mu makalasi. Ni jambo la muzuri. Lakini haitoshi kama muzazi hajui mutoto anatoka saa ngapi.

Hapa Kolwezi baba yuko shimoni, mama yuko sokoni. Siku balimu wanakuwa na mukutano, kalasi inafungwa saa nne, na hakuna muzazi anayeambiwa. Mutoto anabaki peke yake mu barabara ya makamyo ya madini, ao anafuata wenzake kwenda kuokota na kuosha mawe. Wengine wanasema batoto wamezoea njia. Njia inazoeleka, kamyo haizoeleki.

Hatuombi mambo makubwa. Kwanza, direktere atume habari siku moja mbele, kwa simu ao kwa karatasi mu daftari ya mutoto. Pili, komite ya bazazi ibandike saa za kutoka ku mulango wa kompani, pale sisi wote tunapita. Tatu, batoto wa njia moja watembee pamoja na mukubwa.

Sheria ya madini ya 2018 inalazimisha kompani kutoa 0,3% ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji. Tudai sehemu yake ijenge lupango karibu na masomo, batoto wangojee pale mpaka zamu iishe.

Sisi tunahesabiwa tukiingia mugodini na tukitoka. Batoto nao wahesabiwe vile.