Ada ya chuo cha uuguzi: hesabu ni ya miaka mitatu

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mzazi wa Terrat, Arusha, ambaye mtoto wake ana D nne, zikiwamo za kemia, baiolojia na fizikia, huanza kupewa ushauri wa kila namna kuhusu vyuo binafsi vya uuguzi. Mwingi wa ushauri huo si kweli, na watu wanauza mifugo kwa kuuamini.

Linalosikika zaidi ni hili: "Ada ni milioni moja na nusu, tukiuza ng'ombe kadhaa tumemaliza." Hamjamaliza. Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu, NTA ngazi ya 4 hadi ya 6. Kwa ada hiyohiyo mko milioni nne na nusu, na hapo mtoto hajala. Chukueni fomu ya kujiunga muisome hadi ukurasa wa mwisho: sare za wodini, viatu, saa yenye mshale wa sekunde ya kuhesabia mapigo ya moyo, ada ya mitihani, bima ya afya. Kisha kuna mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi anayelala Terrat akipangiwa hospitali ya Mount Meru hulipa nauli ya kwenda na kurudi kila siku ya zamu, na zamu ya usiku haisubiri daladala. Akipelekwa wilaya nyingine, atahitaji chumba. Tuseme chakula na malazi ni shilingi 120,000 kwa mwezi, kwa miezi kumi: hiyo ni milioni 1.2 kwa mwaka, milioni 3.6 kwa kozi nzima. Jumla imeshafika milioni 8.1, bila sare wala nauli.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu anayeumia ni binti anayerudishwa nyumbani mwaka wa pili kwa deni. Ameshatumia mamilioni na hana stashahada.

Wengine wanasema vyuo binafsi ni vya waliofeli na vyeti vyake havina thamani. Huo ni uzushi. Sifa za kujiunga, mtaala na mitihani ni vilevile, na leseni ya kazi hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa wote, awe ametoka chuo cha serikali, cha kanisa au cha mtu binafsi. Cha kuangalia ni usajili. Mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosajili vyuo hivi, unaorodhesha vyuo pamoja na ada zake. Ada uliyotajiwa mtaani ikitofautiana na ile ya mwongozo, dai maelezo ya maandishi.

"Mkopo ni wa chuo kikuu tu." Ilikuwa hivyo zamani. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Baadhi ya kozi za afya zimo, hivyo soma kwanza mwongozo wa Bodi uone kama uuguzi umo. Si kila mwombaji anapata, lakini asiyeomba hapati kabisa. Kwa maombi hayo, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi, maana wapo wanaokwama hapo.

Dai la mwisho ndilo linalowafanya watu wakope hata kwa riba: kwamba muuguzi akihitimu, serikali inampangia kituo moja kwa moja. Siku hizi nafasi hutangazwa, watu wanaomba na kushindana, na wapo wenye leseni wanaosubiri kwa miaka. Hospitali zetu zinahitaji wauguzi, hilo halina ubishi. Ila uhitaji wa wodi na kibali cha ajira ni mambo mawili. Anayekopa akitegemea mshahara wa mwezi wa kwanza baada ya mahafali anajiweka pabaya.

Mzazi mwenzangu, kabla hujaswaga ng'ombe kwenda mnada wa Kisongo, andika gharama za miaka yote mitatu kwenye karatasi moja, na mbele ya kila mwaka andika fedha itatoka wapi. Ukilipa, lipa kwenye akaunti ya chuo, usimkabidhi mtu mkononi, na risiti uitunze.